Ng'ombe wa Karatasi

Jibu langu lilisomwa mbele ya darasa zima, na hadi leo nikikutana na mtu niliyesoma naye Garsen, hunitolea jibu hilo kabla hata ya salamu.

Swali lilikuwa la urithi, katika mtihani wa majaribio wa baiolojia, muhula wa pili wa kidato cha nne. Dume mweusi amepanda majike weusi, wote wana wekundu ndani yao usioonekana, na wamepata ndama kumi na sita. Je, tutarajie ndama wekundu wangapi? Wenzangu wote waliandika wanne, hata yule aliyelala nusu ya mtihani na kuamka na wino shavuni. Mimi niliandika, kwa Kiingereza safi na mwandiko wa kupendeza, kwamba wekundu wapo, wa kutosha, alhamdulillahi.

Mwalimu wetu wa baiolojia alikuwa kijana wa bara, aliyeletwa kwetu na basi lililosindikizwa na askari, na tangu siku hiyo hakuacha kujikuna. Mbu walikuwa wamemkubali kuliko sisi. Alikuwa mwalimu mzuri, ila baiolojia yake ilikuwa ya njegere na inzi wa matunda, na mimi njegere nilikuwa nazijua kwa picha tu.

"Wewe, ebu simama," aliniambia. "Hii ni nini umeniandikia? Ati wapo?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Mimi nimekuuliza ngapi. Sijakuuliza hali zao."

Darasa likaangua kicheko. Mmoja wa nyuma akadakia, "Wasalimie, mwalimu!" na kicheko kikaanza upya. Mimi hasira zangu haziko mbali, na enzi hizo zilikuwa karibu zaidi, puani. Nikamwuliza mwalimu kama yeye, kwao, mtu akimwuliza mama yake ana watoto wangapi, angejibu.

"Tisa," alisema bila kupepesa macho. "Na mimi ni wa nne."

Nilishtuka kweli. Ametaja ndugu zake wote, wakiwa hai, mbele ya darasa zima, na dirisha liko wazi. Niliketi nikamwombea kimoyomoyo.

Kwetu Waorma, mwenye akili zake hahesabu walio hai. Ukiulizwa ng'ombe wenu ni wangapi, unajibu kuwa wapo wachache, hata kama wamejaza bonde. Ukiulizwa watoto, wapo. Kuhesabu ni kuliita jicho la husuda, na jicho likishaitwa haliondoki mikono mitupu. Si kwamba hatujui mali yetu. Bibi yangu, aliyenilea tangu mama yangu alipofariki, na ambaye kama bibi wote wa kwetu nilimwita Akko, alisimama kila jioni kwenye mlango wa boma, ng'ombe wakaingia wakisukumana, na wa mwisho akishaingia aliweza kusema, "Binti wa yule wa paji jeupe hayupo." Hakuinua kidole hata kimoja. Aliwajua kwa sura, kwa rangi, na kwa mama zao, kama mnavyowajua watu wa harusi.

Tena Akko alikuwa na ushahidi. Kabla ya yale mafuriko makubwa, alikuja afisa wa mifugo na daftari na kopo la rangi ya buluu. Akahesabu ng'ombe wote wa boma letu kwa sauti, mmoja baada ya mwingine, akiwapaka rangi mgongoni. Akasema atarudi na chanjo. Hazikupita siku nyingi mto ukaja. Ulikuja mpaka mahali ambapo wazee walikuwa wameapa hautafika, ukachukua ng'ombe, na ulipoondoka ukaja ugonjwa ukachukua waliobaki na nguvu kidogo. Niliwaona wakifa wakiwa na rangi ya buluu mgongoni. Afisa hakurudi. Labda barabara ilikatika, labda alihamishwa, sijui. Najua tu kwamba nilikaa chini nikalia kwa hasira, nikaamua kwamba mimi nitasomea tiba ya ng'ombe, niwe yule anayerudi.

Baada ya hapo wajomba zangu walisema mali imekwisha na shule nayo iishe. Akko ndiye aliyekataa. Aliniambia nirudi Garsen, akanifungia maziwa kwenye kibuyu, na alipoulizwa sababu alisema ni yake.

Kwa hiyo siku ya kicheko kile, mwalimu aliponiita ofisini baada ya vipindi, nilikwenda nikiwa nimekunja uso.

"Unataka kufanya nini baada ya hapa?"

"Udaktari wa ng'ombe."

"Kwa karatasi hii utakuwa daktari wa ng'ombe wazima." Akajikuna kiwiko. "Sikiza. Damu unaijua. Tumbo la ng'ombe unalijua kuliko mimi. Lakini urithi una sifuri, na swali la urithi halikosi kuja, ni kama hawa mbu wenu. Bila hilo hupati B, na bila B ya baiolojia chuo kikuu hawatakupa ng'ombe hata wa picha."

Nikamweleza mambo ya jicho. Hakucheka, na kwa hilo nilimsamehe mengi. Alifikiri, akasema kama njegere haziniingii akilini, basi nikienda nyumbani likizo ya Agosti nichore ukoo wa ng'ombe wa kwetu: dume, majike, ndama, rangi ya kila mmoja, vizazi vitatu. "Halafu urudi uniambie nani alitoa nini kwa nani," alisema. "Na mwisho utaweka namba. Namba lazima."

Agosti ng'ombe wetu walikuwa wameshuka kwenye malisho ya mtoni, upande wa kwenda Chara, na boma letu la miiba lilikuwa mwendo wa nusu siku kutoka Garsen. Nilifika na daftari jipya. Akko alilitazama daftari kama mtu anavyomtazama nyoka aliyeingia na mgeni.

"Hilo ni la nini?"

"La shule, Akko."

"La yule wa rangi ya buluu pia lilikuwa la kazi."

Akanikataza kulifungua karibu na boma. Siku tatu nilikuwa nikikama na kuchota maji kama sijawahi kusikia neno baiolojia, huku B yangu ikiniponyoka. Siku ya nne nikabadili njia. Tukiwa tunakama, yeye upande huu wa ng'ombe na mimi upande ule, nilimwuliza tu, kama mtu anayepiga soga, huyu mama yake alikuwa nani.

Loo! Ningejua, ningeuliza hivyo tangu darasa la kwanza. Akko hakunyamaza mpaka maziwa yakapoa. Huyu mweusi ni binti wa yule mwekundu aliyeliwa na mamba pale kivukoni. Mama wa huyo mwekundu alikuwa mweusi tititi, na baba yake mweusi pia, dume la marehemu babu yako, lile lenye pembe iliyovunjika.

"Weusi wawili wakazaa mwekundu?" niliuliza.

"Ajabu gani? Rangi hulala," alisema Akko. "Inalala ndani ya mama, watu wanadhani imekufa, kisha inaamka kwa mtoto au mjukuu."

Nilisimamisha mikono kwenye chuchu za ng'ombe mpaka ng'ombe mwenyewe akageuka kunitazama. Muhula mzima mwalimu alikuwa ametuimbia habari za jeni inayotawala na jeni inayojificha, nikayakariri yote kama dua ya lugha nisiyoijua. Na hapa bibi asiyejua kusoma alikuwa ameyasema yote huku akikama.

"Na wekundu wawili," nikauliza, "wanaweza kuzaa mweusi?"

"Hawajawahi kunizalia. Mwekundu hana weusi wa kuficha. Ukiona mwekundu aliyepandwa na mwekundu amezaa mweusi, usilaumu mbegu. Kagua ua." Akacheka mpaka akalazimika kushika mgongo wa ng'ombe. "Jirani yetu mmoja alisifia dume lake jekundu msimu mzima. Ndama akatoka mweusi kama sufuria. Mimi nikaenda nikamwonyesha tundu kwenye miiba."

Kuanzia hapo nikawa ninachora. Sikuchora karibu na boma, nilikwenda kwenye kivuli cha mbali, nikaweka miduara kwa majike na miraba kwa madume, weusi nikiwapaka makaa, wekundu udongo. Kisha nikamwonyesha Akko. Aliligeuza daftari huku na huku, akaelewa upesi kuliko wenzangu darasani, kisha akaweka kidole.

"Huyu umempa baba asiye wake."

Nikafuta. Alikuwa sahihi, maana kwa mchoro wangu wekundu wawili walikuwa wamezaa mweusi, na ua ulikuwa mzima.

Sasa nilijua nani ametoa nini kwa nani. Kilichobaki ni namba. Na hapo ndipo nilipofanya ujinga. Jioni moja ng'ombe walichelewa, wakamkuta Akko anaswali; nilisimama nyuma ya nyumba wakiingia, nikapiga vijistari kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari. Sikutaja namba. Nilijiambia vijistari si namba, ni vijistari tu. Nilipomaliza nilivihesabu haraka haraka, nikafunga daftari, nikahisi kama nimeiba.

Asubuhi yake Akko alisimama mlangoni mwa boma, akatazama, akasema, "Ndama mweusi wa yule wa paji jeupe hayupo."

Nilitaka ardhi inimeze. Huyo ndiye ndama niliyempenda kuliko wote, mjukuu wa wekundu uliolala. Mchana kutwa tulimtafuta, kwenye nyasi ndefu, kwenye mkondo wa zamani wa mto, kwenye matope ambako mamba hupenda kufanya mambo yao. Akko alikuwa mbele akiita, mimi nyuma nikiwa na daftari chini ya nguo, likinichoma ubavu. Nilijiapiza kwamba akipatikana nitaachana na urithi, na B, na chuo chenyewe.

Alasiri tulifika mashambani huku upande wa kijiji cha Wema, na kabla hatujauliza, mkulima mmoja Mpokomo, mzee mwembamba wa kupenda utani, alitoka kwenye mahindi yake akitabasamu kwa hasira, kama mtu asiyejua achague lipi.

"Karibu, mama. Mgeni wenu yuko kwangu. Amelala vizuri na amekula vizuri. Amekula mihindi kumi na saba."

Ndama alikuwa amefungwa kivulini, tumbo kama ngoma, jani la hindi likining'inia mdomoni. Nilimkumbatia shingoni nikalia bila aibu.

"Kumi na saba," yule mzee alirudia. "Nimeihesabu mara mbili. Na iliyobaki ni mia mbili na—"

"Basi, basi!" Akko aliziba masikio kwa ushungi. "Usiiseme! Unataka imalizwe na viboko?"

Mzee alicheka. Alisema Wapokomo wasipohesabu, nyani huwahesabia. Akko akamjibu kwamba ndiyo maana nyani wa huku wamenenepa. Tukakubaliana tutampelekea maziwa, na tulimpelekea, na kila tulipokwenda alitutajia mihindi yake kwa makusudi ili amwone Akko akikimbilia ushungi.

Lakini hiyo ilikuwa baadaye. Siku ile, tukirudi na ndama, Akko alisimama katikati ya njia.

"Umewahesabu."

Sikujua amejuaje. "Niliweka vijistari tu, Akko."

"Vijistari navyo vina macho."

Nikamweleza yote pale pale njiani, ndama akivuta kamba: sifuri yangu, kicheko cha darasa, mwalimu na watoto tisa wa mama yake, B. Nilimwambia kwamba nimeelewa kila kitu alichonifundisha, na kwamba kwenye mtihani mkono wangu ukifika kwenye namba unagoma, na ukigoma sitakuwa daktari, na ugonjwa ukirudi atakuja tena mtu wa kopo la buluu. Nilisema kwa ukali, maana nilikuwa nimechoka na kuogopa.

Akko aliichukua kamba ya ndama mkononi mwangu. Halafu akauliza, "Hao ng'ombe wa mtihani ni wa nani?"

"Hawana mwenyewe. Ni wa karatasi."

"Hawakamwi?"

"Hawakamwi, Akko."

"Wakifa, kuna atakayelia?"

"Hakuna."

"Sasa unanisumbulia nini, mtoto wewe? Wahesabu! Jicho litafanya nini na karatasi?" Akatembea hatua chache, akageuka. "Lakini wangu, koma."

Nikang'oa ukurasa wa vijistari tukauchoma jioni ile ile. Jalada la daftari nikalikata vipande vya umbo la ng'ombe, weusi wa makaa na wekundu wa udongo, nyuma ya kila mmoja nikaweka alama ya rangi iliyolala. Siku zilizobaki za likizo tulicheza mimi na Akko kwenye mkeka, tukiwapandisha na kuwazalisha. Akawa mlevi wa mchezo huo. Aliniita nikiwa kazini: "Njoo, yule wako mweusi mpe huyu mwekundu, tuone!" Akihisi dume halina wekundu ndani, alilitupa pembeni akisema halina habari. Na ndama wa karatasi wakishazaliwa wengi, ni yeye aliyenihimiza, "Haya, sema wangapi. Sema kwa sauti." Mara ya kwanza niliposema, wekundu wanne, weusi kumi na wawili, sauti ilitoka kama ya mtu mwenye mafua. Mara ya kumi nilikuwa natangaza kama dalali.

Mtihani wenyewe ulikuja na joto lake. Mwalimu alipita nje ya dirisha akijikuna, akanitazama mara moja tu. Nilifungua karatasi nikakimbilia urithi moja kwa moja, nikitafuta ng'ombe.

Walikuwa panya. Panya weusi na panya weupe. Nilikaribia kucheka ukumbini. Jicho lije liwachukue wote, wametumalizia mahindi na ngozi za kulalia! Niliwachorea miraba, nikawahesabu, nikaandika namba yao na kuipigia mstari mara mbili.

Matokeo yalitoka mvua za masika zikikaribia. Nilikwenda shuleni kuyachukua, na mwalimu alinipa karatasi yangu huku akiwa amekunja uso kwa makusudi. "Baiolojia," alisema, "wapo. Wa kutosha." Nilisoma mwenyewe. Ilikuwa B. Jumla yangu nayo ilitosha kuomba tiba ya mifugo. Nilitaka kumkumbatia lakini kwetu si adabu, nikampa kibuyu cha maziwa, akanywa palepale.

Nilifika bomani ng'ombe wakiwa wanarudi. Akko alikuwa mahali pake mlangoni, na hakuniuliza chochote mpaka wa mwisho akaingia.

"Umepata nini?"

"B, Akko."

"Hiyo ni hesabu?"

"Hapana. Ni herufi."

"Basi tangaza!" alisema, na kabla sijatangaza akatangaza yeye, B, B, kwa boma zima, na wanawake wakapiga vigelegele kwa herufi ambayo hakuna aliyeijua.

Watu walipotawanyika alinivuta sikio mpaka nikainama, akanishika kichwa, akanong'ona. Ilikuwa namba. Nilidhani nimesikia vibaya. Maisha yangu yote nilidhani haijui. Kumbe alikuwa nayo siku zote.

"Yule wa kopo la buluu alikuwa na namba, hakuwa na sura zao," alisema. "Wewe sura zao unazo. Chukua na hii."

Lakini namba yake ilikuwa kubwa mno. Mimi nilikuwa nimepiga vijistari, Mungu anisamehe, na nilikumbuka vilikuwa vingapi. Hata ukijumlisha ndama waliozaliwa baadaye, hesabu yangu haikufika karibu. Ndipo nikaelewa kwamba aliyonipa ni ya kabla ya mto.

"Akko," nilimwambia, "wengine hawapo."

"Najua," alisema. "Unadhani nilikurudisha shule kwa nini?"

Akaenda kufunga mlango wa boma kwa miiba. Nami nikamfuata, nikashika upande wa pili.